Tuhesabu vitabu vilivyofungwa, si kompyuta zilizogawiwa

Mama mjamzito anapofika zahanati kwa hudhurio la kwanza, muuguzi huanza na kadi yake ya kliniki: jina, umri, mimba ya ngapi, tarehe ya hedhi ya mwisho, uzito, shinikizo la damu. Kisha hufungua Kitabu cha 6 cha MTUHA, lile daftari pana ambalo safu zake huvuka kurasa mbili, na kuandika yaleyale. Akimpima VVU, malaria na wingi wa damu, lipo daftari la maabara. Akimpa vidonge vya madini chuma na dawa ya SP ya kuzuia malaria, ipo leja ya dawa. Akimkabidhi chandarua, lipo daftari la vyandarua. Kama zahanati imefungiwa kompyuta, upo mfumo wa GoTHOMIS. Kama mama ana bima, ipo fomu ya madai. Mwezi ukiisha, muuguzi huyohuyo hukaa na kupiga tali, vijiti vitano vitano, akajaza fomu ya muhtasari na kuipeleka halmashauri, ambako mratibu wa MTUHA ataiingiza kwenye DHIS2, programu ya kukusanyia takwimu.

Taarifa ni zilezile. Kinachoongezeka ni mahali pa kuziandika. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ambacho hawakutuonya ni kwamba madaftari nayo yakizidi, habari hupotea humohumo ndani yake.

Tunapoelezwa maendeleo ya mfumo wa taifa wa taarifa za afya, kwa kawaida tunatajiwa idadi ya vituo vilivyofungiwa mfumo, kompyuta na vishikwambi vilivyogawiwa na watumishi waliopewa mafunzo. Hizo ni hesabu za manunuzi. Zinaonyesha fedha ilikokwenda, lakini hazionyeshi kama kazi imepungua wala kama mgonjwa amehudumiwa vizuri zaidi. Hoja yangu ni nyepesi kuitamka na nzito kuitekeleza: mfumo wa kidijitali umefaulu siku kituo kinaporuhusiwa rasmi kufunga kitabu cha karatasi na kutokifungua tena. Kwa kipimo hicho, baada ya zaidi ya miaka 10 ya juhudi, Tanzania bado ina safari ndefu, na sababu zake zinaeleweka.

Tulikotoka

MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ulipoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulikuwa wenyewe ni dawa ya maradhi haya. Kila mpango ulikuwa na fomu zake, na mhudumu mmoja aliripoti kwa mabwana kadhaa. MTUHA ilikusanya taarifa hizo katika vitabu vyenye namba, na hadi leo watumishi huvitaja kwa namba kama watu wanavyotaja njia za daladala: cha 5 ni wagonjwa wa nje, cha 6 wajawazito, cha 7 watoto, cha 12 leba. Yalikuwa mageuzi makubwa kwa wakati wake.

Hatua ya pili ilitoka kusini. Baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka Afrika Kusini mwaka 1994, serikali mpya ilirithi idara za afya zilizokatwakatwa kwa rangi na kwa majimbo, kila moja na namna yake ya kuhesabu wagonjwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Western Cape wakishirikiana na Wanorwei wa Chuo Kikuu cha Oslo walitengeneza programu ya kukusanya takwimu za ngazi ya wilaya, wakaiita DHIS. Kizazi chake cha pili, DHIS2, ni programu huria inayofanya kazi kwenye intaneti, na leo inatumiwa na wizara za afya za zaidi ya nchi 70. Kenya iliieneza nchi nzima mwaka 2011. Tanzania, ikitegemea wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilifuata muda si mrefu baadaye.

Tusiidharau kazi hiyo. Kabla yake, fomu zilipanda kutoka kituoni hadi wilayani, mkoani, kisha wizarani, na takwimu zilipochapishwa zilikuwa zimeshapitwa na wakati. Leo Mganga Mkuu wa Wilaya anaweza kufungua kompyuta akaona ni zahanati ipi haijaleta ripoti na ni ipi wagonjwa wake wa malaria wameongezeka ghafla.

Lakini DHIS2, kwa namna tunavyoitumia kwa ripoti za MTUHA, inajua jumla. Haimjui mtu. Itakuambia kuwa zahanati fulani ilipima shinikizo la damu kwa wajawazito 40 mwezi Machi. Haitakuambia kama yule aliyefikishwa hospitali ya wilaya mwezi Mei akiwa na kifafa cha mimba alikuwa mmoja wa hao 40, wala presha yake ilisomaje siku ile. Kwa mpangaji wa bajeti, jumla inatosha. Kwa daktari aliyesimama mbele ya mama huyo usiku, jumla haina faida yoyote. Pengo kati ya hesabu ya wizara na historia ya mgonjwa ndilo ambalo mfumo wa taifa unapaswa kuliziba, na ndipo ugumu unapoanzia.

Kila mfadhili na daftari lake

Tulipoanza kutaka taarifa za mtu mmoja mmoja, hatukuanza pamoja. Wagonjwa wanaotumia dawa za kufubaza VVU walipata mfumo wao wa CTC2. Chanjo ikapata rejista yake ya kielektroniki. Dawa zikapata eLMIS, fedha za kituo zikapata FFARS, na hospitali zikanunua au kutengenezewa mifumo ya kila aina. Mifuko ya bima ikawa na yake. Mingi kati ya mifumo hii ni mizuri ukiitazama mmoja mmoja. Iliandikwa na watu wenye akili, ikafungwa kwa nia njema. Tatizo ni kwamba yote inamwangukia muuguzi mmoja wa zahanati.

Mifumo haikuzaliwa mingi kwa uzembe. Fedha za afya zimekuwa zikija kwa ugonjwa, na kila mlipaji hutaka ripoti ya ugonjwa wake, kwa robo yake ya mwaka, kwa viashiria vyake. Meneja wa mradi hapimwi kwa kuunganisha mfumo wake na wa jirani. Anapimwa kwa kuleta ripoti kwa wakati. Njia ya haraka ni kuleta kompyuta yake, fomu yake na mafunzo yake. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: aliyeko makao makuu anaongeza safu tatu kwenye fomu kwa dakika chache, na safu hizo zinajazwa na maelfu ya mikono iliyochoka, kila siku, nchi nzima.

Majirani zetu wa Uganda walifikia mahali wakasema basi. Mwezi Januari 2012 wizara yao ya afya ilisitisha miradi mipya ya majaribio ya afya kidijitali hadi iwe imeidhinishwa na kuoanishwa na mipango ya taifa. Ilikuwa imezuka mingi kiasi kwamba serikali yenyewe haikuwa na picha kamili ya nani anafanya nini wapi. Agizo lile lilisomwa na wengi kama ukali dhidi ya ubunifu. Mimi naliona kama huruma kwa muuguzi.

Sasa mfadhili mwenyewe ameanza kuondoka. Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, na kufikia Julai mwaka huohuo shirika la USAID lilikuwa limefungwa. Fedha hizo ndizo zilizokuwa zikilipa sehemu kubwa ya watunza takwimu, seva na waandishi wa programu katika nchi nyingi za Afrika. Kuna jambo jingine ambalo halikuzungumzwa sana. Tarakimu ya afya tunayojivunia kuliko zote, ya vifo vya uzazi kushuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 hadi 104, haikutoka MTUHA. Ilitoka kwenye tafiti za kaya za 2015/16 na 2022, ambamo wataalamu wa takwimu walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza. Mpango wa kimataifa uliosimamia tafiti za aina hiyo, uliotegemea fedha hizohizo za Marekani, ulisitishwa Februari 2025. Nchi ambayo haiwezi kuhesabu vifo vya akina mama kutoka katika vituo vyake yenyewe italazimika kuomba kuhesabiwa, na anayeombwa anaweza kukataa.

Rejista kwanza, programu baadaye

Ukimuuliza fundi wa kweli wa mifumo hii aanze na nini, hatakutajia programu ya hospitali. Atakutajia rejista: orodha chache rasmi ambazo kila mfumo mwingine lazima uzitumie. Ya vituo, ya watumishi, ya dawa na magonjwa, na ile ngumu kuliko zote, ya watu.

Ya vituo Tanzania inayo. Rejista ya vituo vya kutolea huduma za afya inakipa kila kituo, cha serikali, cha dini au cha binafsi, namba yake ya kudumu. Inaonekana ni jambo dogo hadi ujaribu kulinganisha mifumo miwili ambayo haiitumii. Mmoja umeandika “Zahanati ya Mtakuja”, mwingine “Mtakuja Disp.”, wa tatu unayo Mtakuja ya wilaya nyingine, na zahanati yenyewe ilipandishwa kuwa kituo cha afya tangu zamani. Unataka kujua kama dawa zilizopelekwa zinalingana na wagonjwa waliotibiwa, lakini kabla ya kujibu swali hilo unamaliza siku nzima ukitafuta kama kituo hiki ndicho kile.

Kwa watu, kazi ni ngumu mara kumi. Namba ya kitambulisho cha taifa, ya NIDA, ndiyo tegemeo la kwanza linalotajwa, na kwa mtu mzima mwenye nayo ni msaada mkubwa. Lakini NIDA imekuwa ikisajili watu kuanzia miaka 18, na wateja wakubwa wa zahanati ni watoto. Mtoto mchanga anayeanza safari ya chanjo hana namba, na mara nyingine hana hata jina. Kitabu cha leba kinamwandika kwa jina la mama yake. RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, ilianza Mbeya mwaka 2013 kusajili watoto wa chini ya miaka mitano kupitia vituo vya afya na ofisi za kata kwa kutumia simu, mpango ambao umeenea mikoa mingi. Hapo ndipo pa kujengea. Mtoto anaposajiliwa apewe utambulisho mmoja utakaomfuata kwenye kadi ya chanjo, shuleni, kwenye bima, hadi kitambulisho cha taifa.

Mpaka siku hiyo ifike, mfumo lazima ujue kukisia kwa uangalifu. Khadija wa kadi ni Hadija wa daftari. Mohamed ana tahajia tano au sita. Mama aliyeandikwa kwa jina la baba mwaka jana anaandikwa kwa jina la mume mwaka huu. Wazee wanaojua mwaka tu wa kuzaliwa wameandikwa Januari 1 au Julai 1, na ukitafuta kwa tarehe utapata kijiji kizima. Namba ya simu ni ya kaka, na kaka amebadilisha laini. Kwa hiyo mfumo hulinganisha mambo kadhaa kwa pamoja, yaani jina, jinsi, mwaka wa kuzaliwa, jina la mama na kijiji, kisha hutoa alama ya uwezekano kuwa huyu ndiye.

Makosa ya kukisia huku hayana uzito sawa. Kumgawa mtu mmoja kuwa wawili kunampotezea historia. Ni hasara, lakini daktari ataanza upya kwa kuuliza. Kuwaunganisha watu wawili kuwa mmoja ni hatari, maana mgonjwa anaweza kutibiwa kwa kundi la damu la mtu mwingine au kupewa dawa inayomdhuru kwa sababu faili linasema haimdhuru. Anayeandika kanuni za mfumo lazima aegemee upande wa kwanza, na mashaka yapelekwe kwa binadamu aamue. Uamuzi huu hauwezi kuachiwa mkandarasi wa kompyuta. Ni wa waganga.

Mfumo mmoja, au mifumo inayoelewana?

Kila baada ya muda husikika kauli kwamba suluhisho ni mfumo mmoja tu, nchi nzima, kuanzia Muhimbili hadi zahanati ya mwisho ya Kigoma. Kauli hii ina mvuto, na imeshawahi kujaribiwa na wenye fedha kuliko sisi. Uingereza ilianzisha mwaka 2002 mpango mkubwa wa kuzipa hospitali za umma za England (NHS) kumbukumbu za wagonjwa za kielektroniki kupitia mikataba mikubwa iliyosainiwa makao makuu. Hospitali ziliona zinaletewa kitu ambacho hazikukiomba, madaktari hawakukipenda, wakandarasi wakaanza kujitoa. Mwaka 2011 serikali ilitangaza kuuvunja mpango huo, na gharama ilikaribia pauni bilioni 10.

Estonia, nchi ya watu wapatao milioni 1.3, ilikwenda kinyume. Mwaka 2001 ilijenga njia ya pamoja ya kupitishia taarifa kati ya taasisi, iitwayo X-Road, na kila taasisi ikabaki na kanzidata yake. Kilicholazimishwa ni namna ya kuombana na kujibizana, na kitambulisho kimoja cha raia. Mfumo wa taifa wa afya ulipokuja mwaka 2008 ulikuta barabara imeshatengenezwa. Mgonjwa wa Estonia anaweza kuingia kwenye faili lake akaona ni nani alilifungua na lini.

Tanzania imechagua njia inayofanana na ya pili. Wizara ya Afya ina mfumo wa kati unaopokea taarifa kutoka hospitali na kuzifikisha panapohitajika kwa lugha moja ya kitaalamu, na Mkakati wa Afya ya Kidijitali wa 2019 hadi 2024 uliweka mifumo kusomana kuwa kipaumbele. Chaguo hilo ni sahihi. Upungufu wake ni kwamba mifumo kusomana kumebaki kuwa jambo la kuhimizwa, wakati kulipaswa kuwa sharti. Mfumo usiosoma rejista ya vituo na usiopeleka taarifa kwenye mfumo wa kati haukupaswa kulipiwa hata shilingi, awe ameuleta mfadhili, halmashauri au hospitali.

Umeme ukikatika

Ofisi za jijini husahau mambo mawili ambayo zahanati haiwezi kuyasahau: umeme hukatika na mtandao husumbua. Mfumo unaohitaji intaneti kila sekunde utafanya kazi asubuhi, na saa sita mchana muuguzi atarudi kwenye kitabu. Akishafanya hivyo mara tatu, hatauamini tena. Ataandika karatasini kwanza, kisha jioni ataingiza kwenye kompyuta. Hapo tumemwongezea kazi badala ya kumpunguzia. Kwa hiyo uwezo wa kufanya kazi bila mtandao na kutuma taarifa baadaye ndio unaoamua kama kitabu kitafungwa. Vilevile betri, paneli ya sola na fundi wa halmashauri mwenye mafuta ya pikipiki vinapaswa kuwa kwenye bajeti pamoja na kompyuta.

Zanzibar imetoa somo zuri hapa. Mpango wake wa Jamii ni Afya ulianza na wahudumu wa kujitolea wa jamii badala ya hospitali kubwa, ukawapa simu zenye programu inayowaongoza swali kwa swali wanapotembelea kaya, ukaenea wilaya zote 11 za Unguja na Pemba chini ya wizara yenyewe. Simu inamwambia mhudumu ni mama gani amekaribia kujifungua na ni mtoto gani wa kufuatiliwa wiki hii. Anayeingiza taarifa ndiye wa kwanza kunufaika nazo.

Hiyo ndiyo siri ya ubora wa takwimu, na hakuna semina inayoweza kuchukua nafasi yake. Taarifa inayopanda tu na isiyoshuka hujazwa ili kumaliza kazi. Ndiyo maana tunaona halmashauri zikiripoti chanjo kwa zaidi ya asilimia 100 ya watoto. Sehemu ya kosa ni kigawanyo, kwa kuwa idadi ya watoto hukisiwa kutokana na sensa na watu huvuka mipaka ya wilaya kufuata huduma. Sehemu nyingine ni vijiti vya tali vilivyopigwa kwa haraka. Sensa ya 2022, iliyotuhesabu watu 61,741,120, inapunguza kosa la kwanza kwa muda tu. Rejista ya chanjo ya kielektroniki, ambayo majaribio yake katika mikoa kama Arusha na Tanga yalikuwa na lengo la kuachana na karatasi, inatibu yote mawili: inamjua kila mtoto, na asubuhi inampa muuguzi orodha ya majina ya ambao hawakurudi kwa dozi yao. Muuguzi atakayepata orodha hiyo hatalazimishwa kuingiza taarifa. Ataidai kompyuta ikiharibika.

Bima na hatari ya mwenye mfuko

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inabadilisha uzito wa mambo. Bima ya wote haiwezekani bila kumjua mwanachama, kuthibitisha huduma aliyopewa na kulipa kituo kwa wakati, na karatasi haziwezi kubeba madai ya taifa zima. Tunao hata urithi wa kujivunia: mfumo wa kusimamia bima uliotengenezwa kwa ajili ya Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) mkoani Dodoma mwaka 2012 ndio ulioenda kutumika Nepal na Cameroon, na leo ni programu huria ya kimataifa iitwayo openIMIS.

Lakini mwenye mfuko hupinda mfumo uelekee kwake. Mfumo unaojengwa kuzunguka madai ya bima utaandika kwa makini kile kinacholipwa, na kupuuza ushauri nasaha, rufaa na ufuatiliaji ambavyo havina bei. Daktari atajifunza kuandika ugonjwa unaokubalika na mlipaji. Tiba ya hilo ni kuhakikisha kuwa dai la bima linazalishwa kutoka kwenye rekodi ya mgonjwa, na kamwe rekodi ya mgonjwa isizalishwe kutoka kwenye dai.

Kenya inatupa onyo la pili. Ilipohamia Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, Oktoba 2024, ilihamia pia kwenye mfumo mpya wa teknolojia wenye thamani ya shilingi za Kenya bilioni 104.8. Mwezi Machi 2025 ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ilieleza kuwa serikali haina umiliki wa mfumo huo. Serikali ilijibu kuwa inalipia huduma, hainunui mfumo. Hata ukilikubali jibu hilo, swali linabaki kwa kila nchi yetu: mkataba ukivunjika, historia ya magonjwa ya wananchi inabaki kwa nani, na ni nani anayejua kuifungua?

Siri ya mgonjwa

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazitambua taarifa za afya kuwa nyeti, na ipo Tume ya kuisimamia. Sheria ni mwanzo. Kijijini, anayeingiza taarifa ni jirani, shemeji au mwanakwaya mwenzako. Daftari la karatasi lilifungiwa kabatini na lilisomwa na wawili watatu. Faili la kielektroniki, bila ulinzi, linaweza kufunguliwa na yeyote mwenye nywila, na katika vituo vingi nywila ni moja, imebandikwa ukutani. Mgonjwa wa VVU anayehofia kuonekana hatalalamika kwa Tume. Atasafiri kilomita 60 kuchukua dawa mahali asikojulikana, au ataacha kabisa.

Kwa hiyo kila mtumishi awe na utambulisho wake, kila faili liweke kumbukumbu ya aliyelifungua, na mgonjwa awe na haki ya kuuliza na kujibiwa. Hayo si mapambo ya nchi tajiri. Bila hayo, mfumo wetu utakuwa umejaa watu wanaoficha majina yao, na rejista yote niliyoieleza hapo juu itakuwa imejengwa kwa uongo.

Nini kifanyike

Napendekeza mambo manne, na yote yapo ndani ya uwezo wa serikali bila kusubiri mfadhili.

Kwanza, fomu mpya isiingie kituoni bila nyingine kutoka. Anayetaka safu ya ziada aoneshe ni safu ipi inaondoka, na aeleze uamuzi gani utafanywa kutokana na taarifa anayoitaka.

Pili, kuwe na utaratibu wa maandishi wa kufunga kitabu. Leo hata kituo chenye mfumo unaofanya kazi vizuri kinaendelea kujaza karatasi, kwa sababu mkaguzi akija ataulizia kitabu. Wizara ya Afya na TAMISEMI ziweke masharti: miezi kadhaa ya kuandika kotekote, tofauti ya hesabu isiyozidi kiwango fulani, umeme wa akiba, nakala ya taarifa iliyo salama. Kituo kikitimiza masharti kipewe barua ya kufunga Kitabu cha 6 au cha 7, na mkaguzi afungwe na barua hiyo.

Tatu, bajeti ya matunzo iandikwe kwa jina lake. Kununua seva ni tukio la siku moja. Kumlipa kijana aliyeandika programu asikimbilie benki au kampuni ya simu ni gharama ya kila mwezi. Vijana hao tunao, wamejifunza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kwingineko, na baadhi yao wanazisaidia nchi nyingine kusimika mifumo ileile ambayo sisi tunamwajiri mgeni kuirekebisha.

Nne, Waziri wa Afya anapowasilisha hotuba ya bajeti Dodoma, pamoja na idadi ya vituo vilivyounganishwa, ataje idadi ya vitabu vya MTUHA vilivyofungwa mwaka huo, mkoa kwa mkoa. Wabunge waulize hiyo kwanza. Mwaka wa kwanza tarakimu itakuwa ndogo, pengine ya kuaibisha, na hakuna ubaya. Tutakuwa tumeanza kupima kazi badala ya manunuzi, na muuguzi wa zahanati atajua kuwa kuna mtu Dodoma anayehesabu mzigo wake.